Habari Hii ni ya Lini? Tarehe ya Badiliko la Mwisho katika Kurasa za Mtandao

Miaka michache iliyopita mpwa wangu mmoja aishiye Tabora, akiwa amemaliza kidato cha sita, alikusudia kuomba nafasi ya masomo katika chuo ambacho hapana haja ya kukitaja jina. Alifungua ukurasa wa chuo hicho kwa simu yake ya mkononi, akakuta tangazo lililoeleza kwamba maombi yangepokewa hadi Septemba 30. Mwaka haukutajwa. Lakini chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari uliosema kwamba ukurasa umebadilishwa kwa mara ya mwisho siku ile ile aliyokuwa akiusoma, tena saa ile ile. Kijana akatulia. Alitumia wiki mbili kutafuta fedha za ada ya maombi, na alipozipata akaambiwa kwamba mlango ulikwisha kufungwa tangu Agosti. Tangazo alilolisoma lilikuwa la mwaka uliotangulia.

Alinipigia simu jioni ile. "Shikamoo, mjomba," alianza, kisha akanyamaza kwa muda. Aliponieleza yaliyompata, nilimwuliza kama alitazama tarehe ya ukurasa. "Niliitazama, mjomba. Niliitazama kwa macho yangu. Ilikuwa ya siku hiyo hiyo."

Mimi hufundisha taaluma ya kompyuta, na niliifuata shahada ya udaktari hadi ng'ambo; hata hivyo, jioni ile sikuwa na maneno mafupi ya kumweleza ni kwa vipi tarehe iweze kuwa ya leo na habari iwe ya mwaka jana. Makala haya ndiyo jibu lile, na nimeliandika kwa urefu kwa kuwa wananchi wengi hivi sasa hutegemea kurasa za mtandao kwa mambo mazito: bei za mazao, ratiba za treni, nafasi za kazi, utabiri wa mvua.

Mfuko wa barua wa Kwihara

Desemba ya mwaka ule nilikwenda nyumbani kwa likizo, nikamchukua kijana hadi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lilipo tembe la ukumbusho wa Livingstone. Sikukusudia kumfariji tu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuishia Ujiji, ndiyo iliyokuwa mtandao wa habari wa nchi hizi katika karne ya 19, na matatizo yake ya tarehe yanafanana mno na yetu.

Habari wakati huo zilikwenda kwa miguu ya wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, na hawakuingia Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, hadi Novemba 7. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 21, 1871, akafika Unyanyembe mwishoni mwa Juni, na mwendo huo ulihesabiwa kuwa wa haraka.

Huko Kwihara Stanley alikuta mfuko wa barua uliokuwa ukipelekwa kwa Livingstone. Juu yake iliandikwa tarehe ya kuondoka Unguja: Novemba 1, 1870. Msafara ulioubeba ulikuwa umekaa Bagamoyo miezi mitatu hivi kabla ya kuanza safari, na ulipofika Unyanyembe ukakwama, kwa kuwa njia ya Ujiji ilifungwa na vita baina ya Mirambo na Waarabu wa hapo. Stanley akauchukua mfuko, akazunguka kwa njia ya kusini, na akaukabidhi kwa mwenyewe huko Ujiji zaidi kidogo ya mwaka mmoja tangu uandikwe tarehe ile.

Hebu tuuangalie mfuko huo kwa makini, maana una tarehe tatu, wala si moja. Ya kwanza ni siku ambayo kila barua iliandikwa na mtu wa Uingereza. Hiyo imo ndani, haionekani mpaka barua ifunguliwe. Ya pili ni ile iliyoandikwa juu ya mfuko, yaani siku mzigo ulipofungwa Unguja. Ya tatu ni siku mfuko ulipofika mikononi mwa Livingstone. Kila moja ni ya kweli, lakini kila moja inajibu swali lake. Ambaye angechukua siku ya kupokea akaifanya kuwa siku ya kuandika, angedhani kwamba watoto wake wamemwandikia jana.

Kwa mujibu wa kitabu alichokichapisha Stanley mwaka 1872, Livingstone alisoma barua moja au mbili tu za wanawe, kisha akaziweka kando, akataka kwanza aelezwe habari za ulimwengu. Stanley hakulazimika kuanza tangu Adamu. Alijua takriban Livingstone alitengana lini na habari za nje, akamweleza yale tu yaliyobadilika baada ya hapo: kwamba Mfereji wa Suez umefunguliwa, jambo la mwaka 1869, kwamba reli ya kuvuka Marekani hadi bahari ya Pasifiki imekamilika, nalo la mwaka huo huo, kwamba Grant amechaguliwa kuwa Rais. Akaongeza kwamba majeshi ya Prussia sasa yameizingira Paris, na kwamba Mfalme Mkuu wa Wafaransa ni mfungwa mikononi mwa Wajerumani.

Hapa ndipo nilipomsimamisha mpwa wangu. Mazungumzo hayo yalifanyika karibu na mwisho wa mwaka 1871. Kuzingirwa kwa Paris kulikwisha Januari 28 ya mwaka ule. Napoleon wa Tatu aliachiliwa Machi akaenda zake Uingereza, na mkataba wa amani ulitiwa sahihi Frankfurt Mei 10, wakati Stanley akiwa njiani baina ya pwani na Unyanyembe. Stanley hakusema uongo. Alitoa nakala aliyokuwa nayo, na nakala hiyo ilikuwa ya siku alizokuwa bado yuko pwani. Kwa Livingstone ilikuwa habari mpya kabisa; kwa ulimwengu ilikuwa imepitwa na miezi tisa au zaidi. Ili kulijua hilo, Livingstone angehitaji kuuliza swali moja tu: ndugu, wewe mwenyewe ulitoka pwani lini?

Mazungumzo ya mashine mbili

Ndugu msomaji, unapofungua ukurasa wa mtandao, simu au kompyuta yako hupeleka ombi kwa kompyuta nyingine iliyohifadhi ukurasa huo, ambayo huitwa seva. Seva hurudisha jibu lenye sehemu mbili. Moja ni ukurasa wenyewe, na nyingine ni mistari michache inayotangulia, ambayo msomaji wa kawaida haioni. Mistari hiyo yaweza kulinganishwa na maandishi ya juu ya mfuko: inaeleza ukubwa wa mzigo, aina yake, siku na saa ya jibu kutolewa, na, kama seva inaijua, siku ambayo ukurasa ulibadilishwa mara ya mwisho. Mstari huo wa mwisho mashine huuandika Last-Modified, nami katika makala haya nitauita tarehe ya badiliko.

Kanuni za mazungumzo haya zilianzishwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, kuanzia mwaka 1989. Zilichapishwa rasmi kama toleo la kwanza Mei 1996, na maelezo yanayotumika hivi leo ni ya Juni 2022. Katika muda wote huo tarehe ya badiliko imedumu na umbo lake halikubadilika. Mfano unaorudiwa katika maandishi hayo ni Sun, 06 Nov 1994 08:49:37 GMT, yaani Jumapili, Novemba 6, 1994. Saa hiyo ni ya Greenwich. Kwa Afrika Mashariki huna budi kuongeza saa 3, ndipo upate saa 5 na dakika 49 asubuhi kama tusemavyo sisi. Jambo hili dogo huwapoteza wengi: bei iliyobadilishwa usiku wa manane wa kuamkia Jumatano, saa 8 kwa hesabu yetu, huonekana katika mstari ule kuwa ni ya Jumanne.

Faida ya tarehe hii ni nini? Kompyuta yako huweka nakala ya ukurasa uliokwisha kuusoma. Ukiuhitaji tena, kompyuta huiuliza seva: mimi ninayo nakala ya tarehe fulani, je, umebadilika tangu hapo? Ombi hilo huitwa If-Modified-Since. Kama haukubadilika, seva hujibu kwa nambari 304 na mistari michache tu, bila kuupeleka ukurasa upya. Ni yale yale ya Ujiji: taja mwisho wa ujuzi wako, nami nitakueleza yaliyozidi.

Tuchukue mfano wa darasa la kompyuta lenye mashine 40, na ukurasa wa kilobaiti 200. Wanafunzi wote wakiufungua upya, kilobaiti 8,000 hupita katika waya. Seva ikijibu kwamba hakuna badiliko, na kila jibu likiwa na baiti 300 hivi, zitapita kilobaiti 12 tu. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani yetu, wa SEACOM mwaka 2009 ukiwa mmojawapo, tulipokuwa tukitegemea setilaiti, tofauti hiyo ilikuwa ya kungoja au kukata tamaa. Hata leo, kwa anayenunua vifurushi vya simu kwa siku, ni tofauti ya shilingi.

Tena, pale ambapo seva haikueleza nakala itunzwe kwa muda gani, programu nyingi hukisia kwa kutumia tarehe ya badiliko. Kadirio la kawaida ni sehemu ya kumi ya umri wa ukurasa. Ukurasa uliokaa siku 100 bila kuguswa waweza kutunzwa siku 10 pasipo seva kuulizwa lolote. Kwa hiyo seva ikitoa tarehe ya zamani isiyo ya kweli, msomaji ataendelea kuonyeshwa nakala iliyokwisha kuoza. Ikitoa tarehe mpya isiyo ya kweli, kila mara ukurasa mzima utabebwa upya bure.

Tarehe zinazodanganya

Nilipouchunguza ukurasa uliomponza mpwa wangu, nilikuta kwamba seva ya chuo haikutoa tarehe ya badiliko hata kidogo. Kurasa zake zilikuwa zikitungwa na programu kila zinapoombwa, na mtungaji wa programu hiyo hakuishughulikia tarehe. Basi ule mstari wa herufi ndogo ulitoka wapi? Ulitokana na agizo fupi lililowekwa ndani ya ukurasa, ambalo huiuliza kompyuta ya msomaji: document.lastModified. Kanuni inasema kwamba, endapo tarehe ya badiliko haijulikani, agizo hilo lirudishe siku na saa ya sasa. Kwa hiyo simu ya kijana ilijitazamia saa yake yenyewe, ikamwonyesha, naye akaipokea kama ushahidi wa chuo. Angeufungua ukurasa ule baada ya miaka kumi, bado ungedai kuwa umebadilishwa dakika ile.

Mimi binafsi naliona agizo hili kuwa kosa la kale ambalo limeachwa kwa sababu tu kuliondoa kungevunja kurasa nyingi mno. Ina hitilafu nyingine tena: hupanga mwezi kwanza kwa desturi ya Wamarekani. Mtanzania akiona 03/07/2023 atasoma tarehe 3 Julai, kumbe ni Machi 7.

Ziko njia nyingine za tarehe kupotoka, na aghalabu hakuna mwenye nia mbaya. Ofisi ikihamisha kurasa zake kutoka mashine moja hadi nyingine kwa kuzinakili ovyo, kila faili hupata tarehe ya siku ya kuhama. Matangazo ya miaka mitano huonekana kuwa yameandikwa asubuhi moja. Mashine ambayo betri yake ya saa imekufa huweza kurudi hadi Januari 1, 1970, siku ambayo mifumo ya jamii ya Unix huanza kuhesabu wakati, au hadi Januari 1, 1980, mwanzo wa hesabu katika mfumo wa DOS. Na saa ikitangulia, faili huonekana kubadilishwa kesho. Kanuni hukataza jambo hilo la mwisho waziwazi: seva haina ruhusa ya kutoa tarehe ya badiliko iliyo mbele ya saa ya jibu lenyewe.

Niliahidi moyoni kurudi kwa Stanley na Livingstone katika jambo hili la saa. Stanley aliandika kwamba walikutana Novemba 10, 1871. Shajara ya Livingstone inauweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili walisimama mahali pamoja, wakashikana mikono, na kalenda zao hazikupatana kwa zaidi ya wiki moja, maana wote wawili walikuwa wameugua njiani na hesabu ya siku ikawapotea. Mwanahistoria anayetumia daftari la mmoja kupimia la mwingine bila kuzipatanisha kwanza hesabu zao atapata matukio yanayotangulia sababu zake. Ndiyo maana ombi la kuuliza kama kuna badiliko linapaswa kurudisha tarehe ile ile iliyotolewa na seva, wala si tarehe inayotokana na saa ya msomaji.

Kuna udhaifu mmoja ambao si wa saa. Tarehe hii haijui kipande kidogo kuliko sekunde moja, hivyo ukurasa uliobadilishwa mara mbili ndani ya sekunde moja huweza kuonekana haukuguswa. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 1.1 la kanuni, seva huweza kutoa pia alama ya utambulisho iitwayo ETag, ambayo ni kama lakiri juu ya mfuko: yaliyomo yakibadilika, lakiri nayo hubadilika, hata tarehe ikibaki ile ile. Panapokuwa na vyote viwili, lakiri ndiyo husikilizwa kwanza.

Kuisoma na kuiweka

Kwa msomaji mwenye kompyuta, kuisoma tarehe ya badiliko si kazi. Vivinjari vingi hufungua dirisha la mafundi kwa kitufe cha F12. Ndani yake iko sehemu inayoonyesha kila ombi na mistari ya jibu lake. Anayezoea kuandika amri ataandika curl -I na anwani ya ukurasa, na seva itamletea mistari bila mzigo. Kwanza atafute mstari wa Date, ambao ni saa ya jibu. Kama tarehe ya badiliko inalingana nao kwa sekunde, na baada ya dakika tano akiuliza tena zote mbili zimesogea pamoja, basi seva inataja saa yake tu na haina habari yoyote ya umri. Kama mstari haupo, basi haupo, na asikubali tarehe nyingine iliyochorwa na agizo nililolitaja.

Mwenye kuchapisha kurasa ana kazi kubwa kidogo. Seva za kawaida kama Apache na nginx huchukua tarehe ya badiliko kutoka kwenye faili lenyewe, kwa hiyo linalotakiwa ni kuilinda tarehe hiyo wakati wa kuhamisha: kwa amri ya cp iongezwe -p, na kwa rsync iongezwe -t. Anayetumia git afahamu kwamba chombo hicho hakihifadhi tarehe za mafaili. Kila nakala mpya huzaliwa na tarehe ya siku ilipochukuliwa. Pale ambapo ukurasa hutungwa na programu, mtungaji achukue tarehe ya kila kilichoingia katika ukurasa, yaani kumbukumbu za hifadhidata na kiolezo cha umbo, kisha atoe iliyo mpya kuliko zote. Tukichukua bei za asali na tumbaku kuwa mfano: bei ikiwa iliingizwa Jumatatu na jina la mnunuzi likasahihishwa Jumatano, tarehe ni ya Jumatano.

Hapo huzuka swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka. Ikiwa kiolezo kimebadilishwa rangi tu, na bei ni zile zile za mwaka jana, ukurasa umebadilika au haukubadilika? Kwa mashine umebadilika, maana nakala iliyotunzwa haifanani tena na ya seva. Kwa mkulima haukubadilika hata chembe. Mstari mmoja hauwezi kuwatumikia mabwana hawa wawili, wala si sawa kuulazimisha. Tarehe ya badiliko ni ya mfuko, nayo iachwe iwe ya mfuko. Tarehe ya barua sharti iandikwe na mtu, kwa maneno, ndani ya barua yenyewe, pamoja na mwaka: bei hizi ni za wiki inayoanzia tarehe fulani, maombi haya ni ya mwaka fulani wa masomo. Laiti chuo kile kingeandika tarakimu nne za mwaka baada ya neno Septemba, hakuna programu ambayo ingeweza kumpotosha mtu.

Mpwa wangu alingoja mwaka mzima, akiwasaidia wazazi wake shambani, na mwaka uliofuata akapata nafasi katika chuo kingine. Mimi nilikiandikia chuo cha kwanza barua ya kurasa mbili, nikaeleza kosa lilipo na jinsi ya kulisahihisha, mistari ya programu ikiwa imeandikwa tayari. Sikujibiwa. Baada ya wiki sita hivi niliutazama tena ukurasa ule. Tangazo lilikuwa lile lile, Septemba 30 isiyo na mwaka. Ule mstari wa herufi ndogo chini ulikuwa umeondolewa.